Mang'amung'amu ya Kompyuta ya Mwatima

Mwatima binti Talib wa Tibirinzi alikuwa kachoka. Si uchovu wa kazi ya leo wala ya jana. Ni ule wa akiba, unaojilimbikiza arusi baada ya arusi, mpaka mtu akikaa kitako magoti yanamtangulia kusema alhamdulillahi. Alikuwa na macho ya mtu aliyeahidiwa usingizi na serikali.

Kazi yake ilikuwa kupiga video shughuli za kike. Anayewajua wanawake wa Chake Chake kwa kuwaona njiani, huyo hawajui. Njiani utaona macho mawili, mkoba, na salamu fupi. Subiri wafungiwe mlango wa ukumbi na mabuibui yatundikwe misumarini, ndipo utakapojua kuwa kisiwa hichi kina watu. Bi kizee aliyeingia akishikwa mkono utamkuta katikati ya uwanja, kanga kiunoni, bakora yake kamtupia mjukuu. Mambo hayo lazima yapigwe video, maana shughuli isiyopigwa video siku hizi ni kama haikufanyika. Na mpigaji lazima awe mwanamke. Na Chake nzima, mwanamke mwenye kamera, miguu ya kusimama mpaka mpambaji aridhike, na mdomo wenye kufuli, alikuwa Mwatima.

Akirudi nyumbani ndipo kazi inapoanza. Kukata. Kuunga. Kutia maua yanayoanguka kutoka juu, kwa sababu kila mama wa bibi arusi anayataka hayo maua, tena mengi, na hakuna anayeuliza nani atafagia. Kulizungusha jina la bibi arusi kama pia. Huku nazi haijakunwa, na kesho kuna shughuli nyengine Wete.

Na humo ndani ya kompyuta ndimo ilimokuwa amana. Wanawake wa kisiwa kizima walikuwamo, vichwa wazi, wamejipara, wanacheka kwa meno yote. Kwa hiyo ile haikuwa kompyuta. Ilikuwa chumba cha ndani chenye bawaba. Mumewe Haroub, muuza samaki wa sokoni, hakupata kukiona kioo chake tangu iingie nyumbani. Akitaka kuingia chumbani mwake, katika nyumba aliyoijenga kwa jasho lake, husimama mlangoni akakohoa.

"Wapo?" huuliza.

"Wapo. Ngoja niwafunike."

Mpita njia angesikia angedhani Haroub ana wake chungu nzima na wote hawamtaki.

Taabu ni kwamba chumba cha ndani nacho huharibika, na mafundi wa kompyuta wa Chake wote wana ndevu. Ndiyo maana kwa fundi Hudhaifa kulikuwa na pazia. Dukani kwake, nyuma ya soko, alitundika pazia la maua katikati ya meza. Mwatima hukaa upande huu na kompyuta yake, Hudhaifa upande ule na chai yake, na matengenezo yakafanyika kwa mdomo.

"Unaona nini, dada Mwatima?"

"Naona buluu."

"Buluu ya bahari au buluu ya sare za skuli?"

"Ya skuli."

"Inna lillahi. Bonyeza pale pa kuwashia, ushikilie, soma Kul-huwa-llahu taratibu mpaka mwisho, kisha uachie."

Kwa mtindo huo kompyuta ile kuukuu ilikuwa imefufuliwa mara nyingi. Hudhaifa aliijua kama mtu anavyomjua mke wa jirani: kwa sauti yake, kwa kikohozi chake, na kwa sifa anazozisikia.

Ugonjwa wake mkubwa ulikuwa usingizi. Ukiizima kabisa, kuwaka tena ni kwa khiari yake. Kuna siku inawaka, kuna siku inakutazama tu. Kuizima kukawa haramu. Zikabaki njia mbili za kuipumzisha, ambazo Hudhaifa alimweleza kutoka nyuma ya pazia.

"Sikiliza, dada. Kuna slipu na kuna haibaneti. Slipu, ukifunga kifuniko tu, imelala. Ukifungua, imeamka, hujamaliza hata kusema bismillahi. Lakini hiyo hailali kweli, imefumba macho. Betri inaliwa kidogo kidogo, na jambo dogo linaiamsha."

"Mang'amung'amu," alisema Mwatima. Ndio usingizi pekee alioujua yeye.

"Ewaa! Na haibaneti ni usingizi wa pono. Kila ulichokuwa ukikifanya inakiandika ndani, inakifungia, kisha inakata moto wote. Hata betri uing'oe, haina habari. Ukiiamsha, inarudi pale pale. Ila kulala kwake ni kwa mashauri, na kuamka kwake ni kwa mashauri. Hiyo yako, kwa uzee wake na ilivyojaa, utakwenda kuteka maji na utarudi bado inajinyoosha."

"Na weye washauri ipi?"

"Ukenda msalani, slipu. Ukitoka mlangoni, pono. Usije ukatia mkobani kitu chenye mang'amung'amu."

Halafu, bure, sadaka kwa ajili ya mamake marehemu, akamwelekeza namna ya kutia programu ya adhana. Wakati ukifika, kila chenye sauti kinanyamazishwa, adhana inasomwa, panaachwa nafasi ya dua, kisha kilichonyamazishwa kinaachiwa kiendelee pale kilipokomea.

"Na uzuri wake," Hudhaifa alisema, "hata ukiilaza slipu itaamka yenyewe isome."

Mwatima aliitikia amin. Hakusikia. Alikuwa kaegemea ukuta, jicho limemwenda.

Tangu hapo alijua wazi usingizi upi ni upi, na tangu hapo hakuchagua pono hata siku moja. Haukuwa ujinga. Mtu aliyechoka hana subira ya kumbembeleza mwenziwe alale. Alifunga kifuniko kwa kiwiko huku mikono ikimenya vitunguu, na shauri la fundi likabaki shauri. Mashauri mazuri yote duniani hutolewa na watu waliolala vizuri.

Basi ikaja arusi ya Suhaila.

Suhaila aliolewa na kijana wa Mwalim Zubeir, mwenye madrasa ya pale pale Tibirinzi, na mama wa bwana arusi alikuwa Bi Ummkulthum. Jina hilo likitajwa, wanawake wazima hujipapasa shungi. Bi Ummkulthum alisomesha wasichana katika madrasa ya mumewe tangu Mwatima akiwa na meno ya utoto, na aliweza kuona unywele uliotoka nje kutoka ng'ambo ya barabara. Ngoma kwake ilikuwa upuuzi. Tarabu ilikuwa upuuzi wenye nyaya. Shughulini aliingia akakaa pembeni, tasbihi mkononi, kama mkaguzi aliyekuja bila taarifa.

Kisha wanawake wapigaji wa kidumbaki wakaanza ngoma zao, na Mungu ndiye ajuaye kilichompata. Mwatima, jicho kwenye kamera, alikiona kwanza kidole cha mguu kinagonga sakafu. Kikafuata kisigino. Tasbihi ikaingia mkobani, mkoba ukafungwa zipu, kanga ikakazwa kiunoni, na Bi Ummkulthum akaingia uwanjani na kiuno ambacho wasichana wa leo wanakitafuta kwenye simu zao hawakipati. Vigelegele vilipigwa mpaka mabati yakaitikia. Na akiwa pale kati akatoa na shairi, la papo kwa papo, la mumewe:

Wallahi nna mwalimu, wa mikwaju na mikogo,
Barazani simba dume, jikoni paka mdogo!

Mwatima alipiga mwanzo mpaka mwisho. Miguu ilikuwa imevimba, mgongo unawaka moto, na bado alijua kuwa tangu aanze kazi hajapata kupiga kitu kizuri kama kile.

Asubuhi yake Bi Ummkulthum alimjia nyumbani, kavaa kila kitu, kesharudi kuwa mwalimu.

"Mwatima."

"Labeka, Bibi."

"Yale ya jana."

"Yapo, Bibi. Yametoka mazuri, mashaallah."

"Sikuuliza uzuri wake." Alitazama mlangoni, akakaa kitandani ubavuni mwa Mwatima, na sauti ikashuka. "Flashi ya Suhaila, ile anayokwenda nayo Maskati, mie n'kate. Kule wanatazama mume na mke pamoja, hawana haya. Yangu n'tilie peke yake, kwenye flashi yangu. Mie, mwanangu, sijapata kujiona nikicheza. Utu uzima wote huu. Nataka nijione, kisha hata nikifa."

"Inshallah, Bibi."

"Na asione mwanamume. Hata yule wa nyumbani kwangu. Yule hasa."

"Amana, Bibi."

"Amana," alisema Bi Ummkulthum. Na kwa watu wa pale neno hilo likishatoka vinywa viwili halihitaji shahidi. Kesi yake husikilizwa kiyama.

Suhaila na mumewe walikuwa wanapanda boti ya alasiri hiyo kutoka Mkoani. Na siku hiyo hiyo wenye umeme wao walitangaza kuwa wataukata tangu asubuhi mpaka magharibi, kwa matengenezo, kwa manufaa ya wananchi. Wananchi wa Pemba hufanyiwa manufaa mengi, na nyumba nyingi zina mishumaa.

Mwatima alikuwa kazini tangu aliposalimu swala ya alfajiri, hata kabla Bi Ummkulthum hajaja. Umeme ukenda zake. Betri ya kompyuta ile ilikuwa betri ya kupewa pole, lakini alikimbizana nayo. Maua yakaanguka, jina likazunguka, bibi arusi akala keki. Kilichobaki ni kumkata Bi Ummkulthum. Alikuwa keshafika kwenye kidumbaki, video inakwenda, anatafuta pale hasa pa kutia mkasi, ndipo taa nyekundu ikaanza kupepesa.

Siku hiyo Tibirinzi umeme ulikuwapo mahali pamoja tu, napo ni madrasa. Mwalim Zubeir alifadhiliwa paneli za jua na tajiri mmoja wa Ghuba aliyetaka thawabu zisizokatika. Yaani amana ya Bi Ummkulthum ilitakiwa ipelekwe, kwa miguu ya Mwatima mwenyewe, mezani kwa mume wa Bi Ummkulthum.

Akaifungua ile orodha ndogo ya kulaza na kuzima. Anatoka mlangoni. Fundi kasema, ukitoka mlangoni, pono. Kidole kilishasogea. Kisha akakifikiria kile kiduara kinachozunguka kabla kompyuta haijalala, kinazunguka na kuzunguka kama mgombea anayetafuta la kusema, na yeye amekaa anakitazama, na jua linapanda, na boti haingoji.

"Si mbali," alisema, peke yake chumbani. "Hapo na hapo tu."

Akafunga kifuniko. Kidumbaki kikakatika kati ya neno. Akaizonga kompyuta kwa kanga, mizongo miwili, akaacha mkia wa chaja nje, akatoka.

Baraza ya madrasa ilikuwa imejaa. Umeme ukikatika, nusu ya wanaume wa Tibirinzi hukumbuka dini. Ofisini, meza ya Mwalim ilikuwa imeanikwa simu kama dagaa, na Mwalim Zubeir, mtu mrefu mkavu mwenye ndevu za hina, alikuwa anazipangia zamu kwa uadilifu.

"Ya mwenye mgonjwa kwanza," alisema. "Abdulsamad, yako chomoa."

"Mwalim, mie nna dharura!" alilalamika Mzee Abdulsamad kutoka barazani.

"Dharura gani? Weye si unabishana na watu wa Dubai mambo ya uchaguzi?"

"Ndo dharura yenyewe, yakhe! Nikinyamaza watasema wameshinda."

Mwatima alipiga hodi dirishani, akapitisha mzigo wake.

"Mwalim, ni kwa ajili ya flashi ya Suhaila. Naomba isifunguliwe. Mna... mna watu humo."

Mwalim Zubeir aliupokea kwa mikono miwili, uso kaugeuza pembeni. "Najua mna watu. Hapa haguswi kitu cha mtu. Nenda chumba cha wanawake ukajinyooshe, mwanangu. Uso wako unatia huruma."

Chumba cha wanawake kilikuwa upande wa pili wa ukuta: mikeka, ubao wenye alif na be, na ubaridi wa sakafu ya saruji. Harufu ya karafuu zilizoanikwa uani iliingia dirishani. Mwatima alikusudia kukaa tu, mpaka betri ipate chaji. Akakaa. Akaegemea. Mkeka ukamvuta bega, bega likavuta kichwa. Na mwanamke yule, ambaye kwa muda mrefu hakupata ila kusinzia kwa vipande, alilala pono, mdomo wazi, shungi usoni, na nyuma ya ukuta kompyuta yake ikishiba jua la Mungu.

Kilichomwamsha ni adhana ya adhuhuri.

Alidhani msikitini. Lakini muadhini wa Tibirinzi ana mafua ya kudumu, na sauti hii ilikuwa safi, ndefu, ya Makka. Tena ilitoka ukutani.

"Subhanallah!" Mzee Abdulsamad alisikika akipiga ukelele. "Mwalim, mzigo unaadhini!"

"Nyamaza, itikia."

Wakaitikia. Mwatima akaitikia naye, kalala vile vile, macho hayajafunguka. Ilipomalizika, Mwalim alikuwa na furaha ya mwalimu aliyepata mfano.

"Mmeona? Kitu kimefungwa, kimezongwa kanga, kimelala. Wakati umefika, kimeamka. Nyie mna simu za kufungulia kwa kidole, na alfajiri siwaoni msikitini. Haya, inueni mikono tuombe."

Mwatima alitabasamu gizani mwa shungi lake. Kompyuta yake inasifiwa madrasa. Kisha wazo likamjia taratibu, kama maji yanavyoingia kwenye ngalawa: imeamka. Kilichoamka kinaendelea pale kilipokomea. Na kilikomea wapi?

Aliinuka, mguu ukanasa kwenye mkeka, akaanguka kwa magoti.

Ng'ambo ya ukuta palikuwa kimya, mikono imeinuliwa. Na katika ukimya ule zikaja ngoma. Vikaja vigelegele. Na ikaja sauti ya mwanamke, kubwa, yenye raha, sauti ambayo kila baba wa Tibirinzi mwenye binti aliwahi kuisikia ikikaripia:

"...wa mikwaju na mikogo! Barazani simba dume, jikoni paka mdogo!"

Kidumbaki kikaendelea.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililokuwa baya. Mwatima alikuwa kapiga magoti sakafuni, anasikiliza baraza nzima ya wanaume isiyocheka. Mtu mmoja alikohoa kikohozi kisicho cha kifua. Mwengine alitoka mbio kwenda kutawadha, na huko kwenye mabomba akasikika akilia kama punda.

"Mwalim," alisema Mzee Abdulsamad kwa adabu ya kutisha. "Nauliza tu, nipate ilimu. Sauti ya mwanamke ikitoka mashineni, nayo inasitiriwa, au?"

Zikasikika kandambili, zinakuja. Mwatima alikusanya shungi, akasimama.

Mwalim Zubeir alisimama mlangoni, uso kauelekeza kwenye karafuu za uani. Mbele yake, kwa urefu wote wa mikono, alikuwa kaibeba kompyuta, mkia unaburuta chini, na ngoma inalia ndani ya kanga. Hata ncha ya mzongo haikuwa imelegea.

"Mwatima."

"Labeka, Mwalim."

"Mtoto wako kaamka."

Aliipokea, akaingiza mkono ndani ya kanga, akapapasa mpaka akainyamazisha. Alikuwa na umri wa kutosha kuwa na majibu, na yote yalikuwa yamechoka.

"Betri imejaa?" aliuliza Mwalim, bado anazitazama karafuu.

"Naona imejaa, Mwalim."

"Vyema." Akenda kuswalisha. Waliokuwa nyuma yake wanasema hakukosea hata herufi.

Mwatima angeweza kwenda nyumbani akamaliza kazi, akapeleka flashi, akanyamaza. Lakini wanaume wale walikuwa na wake, na wake wale wana milango inayotazamana. Kabla ya alasiri habari ingemfikia Bi Ummkulthum, na ingekuwa imevishwa na nguo. Heri aipate uchi, kwa aliyeidondosha. Akapita njia ya uani, na kila hatua alitamani iwe fupi kuliko ilivyokuwa.

Bi Ummkulthum alikuwa jikoni, kakalia mbuzi, anakuna nazi. Chumba cha pili Suhaila alikuwa anakaba zipu ya sanduku.

"Nimekosa, Bibi," alisema Mwatima, hata hajakaa. "Amana yako imesikika."

Nazi ikasimama. "Imeonekana?"

"Haikuonekana. Kanga haikufunguka, Mwalim mwenyewe kaishika. Imesikika."

"Nini kimesikika?"

"Shairi."

Bi Ummkulthum alifumba macho. "Na nani?"

"Mwalim. Na baraza."

"Abdulsamad alikuwapo?"

"Alikuwapo, Bibi."

"Basi imesikika mpaka Dubai."

Akarudi kwenye nazi, akaikuna kwa nguvu, mpaka kifuu kikaanza kutoa unga wa kahawia. Mwatima alieleza yote: betri, kifuniko, adhana. Hakupunguza neno.

"Na kulikuwa hakuna njia ya kuilaza ikalala kweli?"

"Ilikuwapo."

"Sasa kwa nini?"

"Nlichoka, Bibi."

Aliyasema kama mtu anayetaja jina lake. Bi Ummkulthum alimtazama, akayatazama yale macho, na mdomo uliokuwa tayari kukaripia ukabaki wazi kidogo, kisha ukafunga. Akapangusa mikono kwenye kanga.

"Futa," alisema. "Futa, tusiwe na la kuulizwa. Lakini kwanza n'oneshe. Mara moja tu."

Walijifungia chumba cha ndani, komeo juu. Mwatima aliweka kompyuta kitandani, akafungua. Bi Ummkulthum alijiona anaingia uwanjani. Aliweka kiganja mdomoni na hakukiondoa. Wanawake waliokuwa kwenye kioo walipiga vigelegele.

"Mie ndo huyu?"

"Ndo weye, Bibi."

"Hebu rudisha pale kwenye mguu wa kushoto."

Akarudisha. Akaambiwa arudishe tena. Mara moja ile ikawa ndefu. Hatimaye Bi Ummkulthum alivuta pumzi, akakaa wima, akavaa uso wake wa madrasa.

"Basi. Futa."

Mwatima alibonyeza. Kompyuta, kama kawaida yao, ikauliza kama ana hakika. Hakuwa nayo. Kile ndicho kitu kizuri kupita vyote alivyowahi kuvishika kwa mikono yake, na kilikuwa si chake. Kidole kikabaki juu ya jibu.

Nje ya mlango mtu alikohoa.

"Ummkulthum," ilisema sauti ya Mwalim Zubeir.

"Labeka."

"Nimesikia sauti. Sikuona kitu, na sikuja kuona."

"Najua. Nafuta sasa hivi."

Kandambili zilisugua sakafu.

"Ule ubeti," Mwalim alisema, kwa ile sauti ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi. "Ulikuwa na mwenziwe?"

Bi Ummkulthum alimtazama Mwatima. Mwatima akatazama dari.

"Upo wa pili," Bi Ummkulthum alisema taratibu.

"Kasemwa nani?"

"Weye huyo huyo."

"Mbaya kuliko wa mwanzo?"

"Mbaya sana."

Suhaila alisikika chumba cha pili akizuia kicheko kwa mto.

"Basi usifute," alisema Mwalim. "Mie sitaona. Lakini nijue kwamba kipo." Akaongeza, baada ya kidogo, "Nna njaa."

Mwatima aliondoa kidole. Akafanya kazi iliyobaki pale pale kitandani: akatia mkasi, akaunga, akamtolea Suhaila flashi yake, safi, yenye maua na keki na heshima zote. Akamtolea Bi Ummkulthum ya kwake, na Bi Ummkulthum akaifunga kwenye pindo la leso, mafundo mawili, akaitia kifuani. Nje gari ya kwenda Mkoani ikapiga honi. Wakatoka kuaga, wakalia kidogo kama inavyotakiwa, wakarudi.

Mwatima alikusanya waya wake. Wete walikuwa wanamngoja kesho, na keshokutwa Kiuyu. Kiwiko chake kikainuka chenyewe kwenda kufunga kifuniko, na Bi Ummkulthum akamdaka mkono.

"Weye! Ile ya kweli."

"Inachukua muda, Bibi."

"Mie ninao."

Mwatima akabonyeza pono. Kiduara kikaanza kuzunguka. Walikaa wawili ukingoni mwa kitanda, wanakitazama, na ndani ya kompyuta feni ilikuwa ikitweta kama mzee anayepanda ngazi. Kioo kikawa cheusi, lakini taa ya ubavuni bado. Bi Ummkulthum hakuondoa jicho. Taa ikafifia, ikarudi, ikafifia. Feni ikakata. Mwishowe taa nayo ikazimika, na kompyuta ikawa kipande cha plastiki tu, hakijui arusi wala adhana.

"Haya, imelala," alisema Bi Ummkulthum.

Mwatima alikuwa kalala ubavu pale pale ukingoni, viatu miguuni, waya wa chaja umemzonga kidole.

Bi Ummkulthum alimvua viatu, akamvutia kanga mabegani, akaenda kwa ncha za vidole kumwambia Mwalim ale bila kugonga sahani.